Kompyuta Inasema Imeamilishwa. Leseni Yake Iko Wapi?

Hotuba kwa wamiliki wa biashara ndogo na za kati, wahasibu na mafundi kompyuta, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wafanyabiashara, wahasibu, mafundi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi tunalo ofisini na hatulitaji: Windows isiyo na leseni. Nalizungumza sasa kwa sababu kuna tarehe imeshapita. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo ofisi nyingi zinanunua mashine nyingine, au zinamwita fundi aje apige Windows 11. Fundi anakuja na flashi, anamaliza jioni, analipwa, anaondoka. Kesho yake kompyuta inawaka vizuri, yale maandishi ya kijivu yaliyokuwa pembeni mwa kioo hayapo tena, na bosi anaamini mambo yamekaa sawa. Hakuna aliyeuliza ndani ya flashi ile mlikuwa na nini.

Swali ninaloulizwa sana na wenye biashara ni hili: nitajuaje kama Windows ya ofisini kwangu ni halali? Wengi wanaouliza wameshafungua mipangilio, wakaona mfumo umeamilishwa (activated), wakafunga. Naomba leo tukubaliane kwamba hilo halitoshi. Linaonyesha tu kwamba mfumo umeupokea ufunguo, yaani msimbo wa leseni. Halionyeshi ufunguo ni wa nani. Gari likiwaka si ushahidi kwamba ni lako. Siku ya kuliuza mnunuzi atataka kadi. Kompyuta nayo ina kadi yake, na kazi ya ukaguzi ni kuoanisha kile ambacho mashine inasema na kile ambacho karatasi zinasema. Ukisikiliza upande mmoja tu, utadanganywa.

Nianze na namna zinavyoingia, maana hapo ndipo tunapopoteza fedha bila kujua.

Kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za mtumba. Zilitumika Ulaya, Marekani au Ghuba, nyingine zikapitia Dubai, zikaishia kwenye maduka ya Kariakoo. Kampuni iliyozitumia mwanzo mara nyingi ilikuwa na mkataba wake wa leseni za jumla, na mkataba huo ulibaki kwao. Diski imefutwa au imeng'olewa. Muuzaji anapiga Windows upya ili mashine ivutie dukani, na anapiga ile aliyonayo kwenye flashi. Wewe unalipia "kompyuta kamili", unapewa risiti isiyotaja mfumo endeshi hata kwa neno moja.

Sasa sikilizeni hili, hasa mafundi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta wamekuwa wakiweka ufunguo wa Windows ndani ya ubao mama wenyewe, kwenye programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ufunguo huo haufutiki kwa kufomati. Haukai kwenye diski. Leseni ya namna hii, inayouzwa pamoja na mashine, hufuata mashine popote iendapo. Maana yake ni kwamba laptopu ya mtumba iliyotengenezwa mwaka 2018, ambayo fundi wako ameipiga Windows ya krak, yaani iliyoamilishwa kwa programu ya kukwepa leseni, inawezekana kabisa ilifika Kariakoo ikiwa na leseni halali ya Windows Pro tumboni mwake. Fundi ameifunika leseni halali kwa ya wizi, na wewe umemlipa kwa kazi hiyo.

Mambo haya nimeyakuta, na yananiuma. Ofisi moja ya mawakala wa forodha iliniita ikiwa inajiandaa kununua leseni kwa ajili ya kila mashine. Tulipozisoma mashine moja moja, nyingi zilikuwa na ufunguo wake ndani. Kilichohitajika kilikuwa kupiga Windows upya kutoka kwenye faili safi la Microsoft, toleo lile lile linalolingana na ufunguo, kisha kuiunganisha na intaneti. Mashine ikajiamilisha yenyewe.

Kuusoma ufunguo huo si kazi ngumu. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, andika (Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey, bonyeza ingiza. Ukitokea mfululizo wa herufi na tarakimu 25, mashine imekuja na leseni yake. Badala ya neno la mwisho ukiandika OA3xOriginalProductKeyDescription, itakuonyesha ni ya toleo gani. Angalia sana toleo, kwa sababu laptopu nyingi za madukani huja na Windows Home, na mtu akizipiga Pro juu yake leseni ile haifiki huko. Jibu likija tupu, basi mashine ni ya zamani au ilitoka kiwandani bila Windows, na hapo ndipo unapotafuta karatasi. Mashine za enzi za Windows 7 zilikuwa na stika yenye ufunguo chini yake. Watu wengi walizoea kuutumia ufunguo ule kuamilisha Windows 10 na hata 11, lakini Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba njia hiyo imefungwa.

Baada ya kujua mashine ilizaliwa na nini, ndipo unaiuliza inatumia nini sasa. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dlv. Litatokea boksi lenye maelezo mengi. Wewe tafuta mstari wa maelezo unaotaja chaneli, yaani njia ambayo leseni ilitolewa. Ukiona OEM_DM, Windows inatumia ule ufunguo wa kwenye ubao mama, na kwa kawaida mko salama. Ukiona RETAIL ni leseni ya rejareja, nitairudia baadaye kwa sababu ina mtego. Ukiona VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT, simama hapo hapo.

Hizo mbili za mwisho ni leseni za jumla. Zilitengenezwa kwa ajili ya taasisi kubwa: benki, chuo kikuu, wizara. MAK ni ufunguo mmoja unaoamilisha mashine nyingi moja kwa moja kwa Microsoft. Katika mfumo wa KMS, kampuni huweka seva yake ndani ya mtandao wake, na kila kompyuta hujiamilisha kwa seva hiyo kwa muda wa siku 180, huku ikijaribu kuhuisha kila baada ya siku 7. Na kuna kanuni ambayo peke yake ingetosha kuwafichua wengi: seva ya KMS haikubali kuamilisha Windows za kawaida mpaka ipate maombi ya kompyuta tofauti zisizopungua 25. Sasa duka la vipuri lenye kompyuta 6, halina seva, halina mkataba wowote na Microsoft, limewezaje kuamilishwa kwa KMS? Hesabu haikubali. Kuna programu ndani ya mashine inayojifanya seva.

Boksi lile lile litakuonyesha jina la seva iliyotumika. Likiwa ni anwani inayoanza na 127, mashine imejiamilisha yenyewe kwa kujidanganya. Likiwa ni jina la tovuti usiyoijua iliyoko huko nje kwenye intaneti, kompyuta ya ofisi yako inazungumza na seva ya mtu usiyemfahamu. Kisha andika slmgr /xpr uone tarehe ya mwisho. KMS halali haivuki siku 180. Ukiona tarehe ya Januari 2038, hiyo ni alama ya krak moja maarufu inayosogeza mwisho wa uamilishaji hadi pale ambapo hesabu ya muda ya biti 32 inafika kikomo. Hakuna mkataba wa leseni duniani unaotoa tarehe hiyo.

Toleo nalo linasema. Windows Enterprise au LTSC, matoleo ya taasisi kubwa, kwenye ofisi ya watu watano ni jambo la kuulizwa. Nasema kuulizwa, sisemi kuhukumiwa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na Enterprise halali kupitia usajili wa Microsoft 365 E3, na usajili huo una akaunti na ankara za kuonyesha. Na hapa kuna jambo ambalo hata maofisa TEHAMA wa kampuni kubwa hulipita: leseni ya jumla ya Windows kwa kompyuta za mezani ni ya kupandisha daraja tu. Kila mashine lazima iwe na leseni yake ya msingi kwanza, ndipo ile ya jumla ikae juu yake. Kampuni inaweza kuwa na mkataba safi, seva ya KMS halali, na bado ikawa na mashine zisizo na leseni, kwa sababu zilinunuliwa tupu ili kubana matumizi.

Vingine ni vya kupekua haraka. Angalia kwenye kazi zilizoratibiwa na kwenye huduma za Windows kama kuna jina lenye KMS ambalo hamkuliweka ninyi. Angalia faili la hosts, linaloielekeza kompyuta anwani za tovuti, kama lina mistari inayozuia anwani za Microsoft. Na tafadhali fungua Windows Defender, nenda kwenye orodha ya vitu vilivyoruhusiwa visikaguliwe. Ukikuta kabrasha ambalo hakuna mtu ofisini anayelijua, umelipata jeraha lenyewe.

Nimesema jeraha kwa sababu nataka niseme wazi kwa nini nalijali jambo hili kuliko faini. Karibu kila krak huja na maelekezo yale yale: zima antivirusi kwanza, halafu endelea. Fikiria unachokubali hapo. Unampa mtu asiye na jina ruhusa ya juu kabisa kwenye mashine, na unamfukuza mlinzi ili asimwone. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi faili za kujifanya KMSPico, krak maarufu ya KMS, zilivyokuwa zikisambazwa zikiwa zimebeba programu hasidi iitwayo Cryptbot, ambayo kazi yake ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mtu alipata alichotafuta, Windows ikaamilika, na nywila zake zikaondoka kimya.

Sasa nenda kwenye meza ya mhasibu wako. Kwenye kivinjari chake kuna nini? Akaunti ya benki ya kampuni. Akaunti ya TRA. Mishahara. Namba za NIDA za wafanyakazi wote na namba zao za simu. Hawa ni watu waliokuamini. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Siku taarifa zikivuja, utasimamaje mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kueleza kwamba antivirusi ilizimwa kwa makusudi ili leseni isinunuliwe?

Tena mashine nyingi za krak huwa zimezimwa masasisho, kwa kuogopa kwamba sasisho litavunja krak. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Mei mwaka huo huo WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ikalitumia tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka kilikuwa kimeshatoka miezi miwili kabla. Aliyeumia ni yule ambaye hakukiweka.

Kuhusu hakimiliki nitasema kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi nyingine za ubunifu, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Mwenye zabuni za wafadhili au za kampuni za nje anajua pia kwamba siku hizi wakaguzi wao wanauliza leseni za programu kabla ya kusaini mkataba.

Nirudi kwenye RETAIL, maana niliahidi. Ukikuta chaneli hiyo, boksi litakuonyesha herufi na tarakimu 5 za mwisho za ufunguo. Fundi mmoja akisoma mtandaoni kwamba 3V66T ni ufunguo unaojulikana na kila mtu, ataruka na kusema mmeibiwa. Asiwatishe. Ufunguo huo ni wa Windows Pro, Microsoft yenyewe inautumia, na utauona kwenye mashine halali kabisa zenye leseni ya kidijitali, ile ambayo Microsoft huihifadhi kwake ikiwa imefungwa kwa mashine husika. Tatizo ni kwamba kuna krak inayopata leseni ya kidijitali kwa udanganyifu, na mashine iliyopitia huko inaonekana vile vile: haina programu iliyojificha, haina tarehe ya mwisho, haina seva ya uongo. Amri zote nilizowapa zitasema iko sawa. Karibu nazo ni funguo za MAK zilizovuja kutoka taasisi fulani na kuuzwa mtandaoni kwa fedha kidogo: chaneli itaonekana, lakini haitakuambia ufunguo ni wa nani. Zinaamilisha moja kwa moja na hazidai kitu tena. Hapa mashine imefika mwisho wa ushahidi wake, na kinachobaki ni karatasi.

Karatasi gani? Risiti ya EFD au ankara inayotaja Windows, toleo lake, na ikiwezekana namba ya utambulisho (serial number) ya kompyuta yenyewe. Kwa leseni za jumla, mkataba na akaunti ya kampuni kwenye tovuti ya Microsoft, ikiwa kwa barua pepe ya kampuni na si ya fundi binafsi. Kwa mashine iliyokarabatiwa na mkarabati aliyeidhinishwa na Microsoft, ile stika mpya ya ukarabati na risiti yake. Stika peke yake hainiridhishi, kwa sababu stika hubanduliwa na kubandikwa. Barua pepe yenye ufunguo tupu kutoka kwa muuzaji asiye na anwani si leseni, hata kama ufunguo umekubali.

Daftari la mali za ofisi liongezwe safu chache: namba ya mashine, anayeitumia, toleo la Windows, chaneli, zile herufi 5 za mwisho, ufunguo wa ubao mama upo au haupo, namba ya risiti. Mwenye kompyuta 20 anamaliza kwa siku mbili akitulia. Ukilipanga, mashine zenye mashaka zitajitokeza zenyewe, na mara nyingi utaona kitu cha kufikirisha: kompyuta kadhaa zenye herufi zile zile 5 chini ya MAK, zote zilizopigwa na fundi mmoja, mwezi mmoja.

Hapo ndipo nawaomba wenye kampuni mtumie busara. Msianze ukaguzi kwa vitisho. Ukitangaza kwamba atakayekutwa na krak atafukuzwa, usiku huo huo flashi zitazunguka, mashine zitafomatiwa, na utapoteza ushahidi pamoja na kazi za watu. Na tuseme haki: kijana wa TEHAMA aliyepiga Windows hiyo, mara ngapi aliomba bajeti akaambiwa "fanya unavyojua"? Alifanya anavyojua. Tangazeni kwanza kwamba lengo ni kusafisha, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa yaliyopita, halafu mkague. Ila aliyezipiga asizikague peke yake. Akae na mhasibu, mmoja asome, mwingine aandike. Na kabla hamjagusa chochote, pigeni picha ya kila boksi la slmgr.

Mkishajua hali, msijaribu "kuitoa krak". Mashine iliyokwisha fungua mlango kwa programu ya namna hiyo haiaminiki tena kwa kusafishwa juu juu. Nakili mafaili ya kazi tu, yakaguliwe, diski ifutwe yote, Windows ipigwe upya kutoka faili lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft. Nywila zibadilishwe baada ya hapo, zote, na kwa kutumia mashine iliyo safi. Ukizibadilisha ukiwa bado kwenye mashine ile ya zamani unamkabidhi mwizi nywila mpya. Mashine zenye ufunguo ndani zitajiamilisha. Zilizobaki ndizo za kununulia leseni, na mtashangaa jinsi idadi inavyopungua.

Kuna ambazo hazihitaji Windows kabisa. Kompyuta ya mapokezi inayofungua barua pepe na kuandika barua inaweza kuendeshwa na Ubuntu na LibreOffice, bila kulipia leseni na bila kumwibia mtu. Wanaosema programu huria si za kwetu nawakumbusha kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ni jambo ninalojivunia na ningependa vijana wa leo walijue. Lakini sitawadanganya: ikiwa programu yenu ya uhasibu inafanya kazi kwenye Windows tu, mhasibu abaki kwenye Windows, na yeye ndiye wa kwanza kununuliwa leseni fedha zikiwa chache. Anayefuata ni anayeshika mishahara. Mashine ya mkurugenzi inaweza kusubiri.

Kwa manunuzi yajayo, andikeni kwenye hati ya zabuni au hata kwenye ujumbe mnaomtumia muuzaji: kompyuta ije na Windows Pro yenye leseni, na ankara iitaje. Muuzaji akikataa kuiandika, bei yake isilinganishwe na ya yule aliyekubali, kwa sababu hawauzi kitu kimoja. Na mkipokea mzigo, someni ufunguo wa ubao mama hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Haichukui hata dakika mbili.

Projekta iko tayari, na nimewaona baadhi yenu mmekuja na laptopu zenu za kazini. Atakayekuwa tayari apite mbele, tuifungue pamoja na tuisome mbele ya wote. Asiyetaka ya kwake ionekane, nitakuwa kwenye ile meza ya pembeni hadi saa kumi jioni.